Mtoto anaharisha: mwongozo kamili wa kuchanganya ORS, kumnywesha na kumaliza dozi ya zinki

Pakiti ya ORS, yaani unga wa chumvi na sukari wa kuchanganya na maji, inapatikana karibu kila duka la dawa kuanzia Kigoma hadi Mombasa, bei yake si kubwa, na maelekezo yameandikwa mgongoni. Hata hivyo watoto bado wanafikishwa zahanati macho yakiwa yameingia ndani, na mama akiulizwa anajibu, "ORS nilimpa, haikusaidia." Ukizidi kumdadisi utakuta pakiti ya lita nzima ilimiminwa kwenye glasi moja, au mtoto alitapika mara moja dawa ikaachwa, au alipewa vijiko viwili asubuhi na viwili jioni kama dawa ya kikohozi.

Kuna jambo moja la kulielewa kabla ya yote, maana ndilo linalowavunja moyo wazazi wengi: ORS haifungi choo. Ukimpa mtoto sasa hivi, ataendelea kuharisha leo, na huenda kesho na keshokutwa pia. Kazi yake ni kurudisha maji na chumvi vinavyomtoka. Kwa kawaida kinachomuua mtoto anayeharisha ni kukaukiwa maji, kwa hiyo maji yakirudi kwa kiasi kile kile yanavyotoka, mwili wake hupata muda wa kuushinda ugonjwa.

Mwongozo huu ni wa mtoto wa miezi 2 hadi miaka 5 anayeharisha majimaji, au anayeendesha kama wanavyosema Kenya. Tunasema mtoto anaharisha akipata choo chepesi mara 3 au zaidi ndani ya saa 24. Kichanga anayenyonya maziwa ya mama tu anaweza kupata choo laini cha njano mara nyingi kwa siku, naye akawa mzima kabisa. Ila mtoto wa chini ya miezi 2 ambaye choo chake kimebadilika ghafla na kuwa maji asitibiwe nyumbani. Endelea kumnyonyesha huku ukimpeleka kituo cha afya.

## Vitu vya kuandaa

- Pakiti za ORS, angalau 2.
- Vidonge vya zinki vya miligramu 20 vinavyoyeyuka. Nunua vya kutosha siku 10 hadi 14.
- Chupa tupu ya maji ya kunywa ambayo ujazo wake umeandikwa kwenye lebo.
- Jagi au chombo safi chenye mfuniko.
- Maji salama ya kunywa.
- Kikombe na kijiko cha chai. Bomba la sindano la ml 5 au 10, lisilo na sindano yenyewe, linafaa sana kwa mtoto mdogo anayekataa kijiko.
- Saa au simu, kalamu na karatasi.

Chupa ya kunyonyea yenye chuchu ya plastiki iache. Ni vigumu kuisafisha vizuri, vijidudu hujificha kwenye chuchu, na inamfanya mtoto avute mengi kwa haraka wakati sisi tunataka anywe kidogo kidogo.

## Hatua ya 1: Mkague mtoto kabla hujachanganya chochote

Ukaguzi huu hauchukui hata dakika 5, nao ndio unaoamua kama mtoto abaki nyumbani au aondoke sasa hivi.

Mwangalie akiwa ameamka. Je, anakutazama, analia, anataka kubebwa? Au amelegea na ni vigumu kumwamsha? Angalia macho, kama yameingia ndani kuliko kawaida yake. Wewe mzazi ndiye unayeijua sura yake, kwa hiyo ukiona amebadilika jiamini. Kwa mtoto ambaye utosi haujafunga, pitisha kidole taratibu uone kama umebonyea. Mpe maji kwenye kijiko uone anavyoyapokea.

Kisha fanya jaribio la ngozi. Mlaze chali, shika ngozi ya tumbo kwa kidole gumba na cha shahada, katikati ya kitovu na ubavu, iinue kwa sekunde 1 halafu iachie. Ikirudi papo hapo, vizuri. Ikirudi polepole, maji yamepungua. Ikikaa imesimama zaidi ya sekunde 2, hiyo ni hatari kubwa.

Nenda kituo cha afya au hospitali mara moja ukiona lolote kati ya haya:

- Amelegea sana, haamki vizuri, au amepata degedege.
- Hawezi kunywa wala kunyonya, au anatapika kila kitu.
- Macho yameingia ndani na ngozi inarudi polepole.
- Ana kiu kali, anakigombania kikombe, hatulii.
- Choo kina damu.
- Choo ni maji mengi meupe kama maji ya kuoshea mchele, hasa kama mtaani kuna kipindupindu.
- Ana homa.
- Hajakojoa kwa muda wa saa 6 au zaidi.
- Amekonda sana au miguu yote miwili imevimba.

Hilo la mwisho watu hulipuuza. Mtoto mwenye utapiamlo mkali hatakiwi kupewa ORS ya kawaida kwa vipimo vya nyumbani, kwa sababu mwili wake haumudu chumvi kiasi hicho. Hospitalini kuna mchanganyiko wake maalumu.

Kwenda kituoni hakumaanishi kusubiri. Isipokuwa kwa huyo mwenye utapiamlo mkali, kama mtoto anaweza kumeza, changanya ORS na umpe kijiko kwa kijiko mkiwa njiani, kwenye bodaboda iliyosimama, kwenye daladala, hata kwenye foleni ya kumwona daktari.

Utajua anaweza kubaki nyumbani kama yuko macho, anakunywa kama kawaida, analia kwa machozi, anakojoa, na ngozi inarudi mara moja.

## Hatua ya 2: Andaa maji na mikono

Nawa mikono kwa sabuni. Osha jagi, kikombe na kijiko.

Chemsha maji mpaka yatokote kabisa, kisha yaache yapoe ndani ya chombo kilichofunikwa. Kama unatumia dawa ya kutibu maji, fuata kipimo cha kwenye chupa na usubiri muda ulioandikwa, ambao kwa kawaida ni dakika 30. Maji ya chupa yaliyofungwa kiwandani pia yanafaa.

Maji yachemshwe kabla ya kuchanganya. ORS iliyokwisha kuchanganywa haichemshwi.

## Hatua ya 3: Changanya pakiti nzima kwenye kipimo chake

Hapa ndipo wengi wanapokosea, kwa hiyo nitaeleza kwa kirefu.

Geuza pakiti usome. Pakiti kubwa huwa na unga wa gramu 20.5, nayo ni ya lita 1. Zipo pia ndogo za nusu lita, na nyingine ndogo zaidi za ml 200. Ukubwa wa pakiti kwa macho haukwambii kitu, na kipimo ulichotumia kwa mtoto wa kwanza huenda si cha pakiti uliyouziwa leo. Soma kila mara. Kama maandishi yamefutika au huyaelewi, muulize muuzaji wa dawa akuandikie kiasi cha maji kwa kalamu juu ya pakiti kabla hujaondoka dukani.

Sasa chukua ile chupa yenye ujazo ulioandikwa. Chupa za maji zina ujazo wa kila aina, nyingine si nusu lita wala lita kamili, hivyo usikisie kwa umbo. Pima maji kwa chupa hiyo, mimina kwenye jagi, kisha weka unga wote wa pakiti moja. Koroga mpaka uyeyuke kabisa.

Usigawe unga ili utengeneze kidogo kidogo. Najua kwa nini watu wanafanya hivyo: mtoto ni mdogo, lita nzima inaonekana nyingi, inauma kumwaga. Lakini unga ndani ya pakiti haujachanganyika sawasawa kila sehemu, na huwezi kujua nusu uliyoitoa ina chumvi kiasi gani. Ni afadhali kumwaga nusu jagi kesho kuliko kumnywesha mtoto kipimo kisichojulikana.

Sababu ya ukali huu ni hii. Ukuta wa utumbo una milango inayoingiza sukari na chumvi kwa pamoja, na vikiingia, maji huvifuata. Milango hiyo huendelea kufanya kazi hata mtoto akiharisha vibaya. Lita 1 ya ORS ina gramu 13.5 za glukosi na gramu 2.6 za chumvi ya kawaida, pamoja na potasiamu na sitreti, na uwiano huo ndio unaofanya maji yaingie. Ukitia unga wa lita 1 kwenye glasi, kinywaji kinakuwa kikali mno. Sukari inayavuta maji kutoka mwilini kwenda utumboni na kuhara kunazidi, na chumvi ikipanda sana kwenye damu mtoto anaweza kupata degedege. Ukiongeza maji kupita kipimo, chumvi inakuwa hafifu na hairudishi kile kilichopotea.

Kwa sababu hiyo hiyo usiongeze sukari, asali, juisi, soda wala maziwa ili iwe tamu.

Andika saa uliyochanganya kwenye karatasi, ibandike kwenye jagi, funika. Baada ya saa 24 mwaga iliyobaki uchanganye mpya.

Imekubali kama hakuna chembechembe chini, maji yanaonekana safi (pakiti zenye ladha ya matunda hutoa rangi kidogo), na ukionja ladha yake haizidi chumvi ya machozi. Ikiwa chungu kwa chumvi, umekosea kipimo. Imwage yote.

## Hatua ya 4: Mnyweshe kidogo, lakini bila kuchoka

Kila mtoto anapopata choo chepesi, mpe kiasi hiki:

- Chini ya miaka 2: ml 50 hadi 100.
- Miaka 2 na kuendelea: ml 100 hadi 200.

Hicho ni kiasi cha kufidia choo kimoja. Mtoto wa mwaka mmoja na nusu aliyeharisha mara 6 tangu asubuhi alihitaji ml 300 hadi 600. Linganisha na vijiko viwili vya asubuhi na jioni, ambavyo jumla yake ni ml 20 tu, utaona kwa nini wengine husema haikusaidia.

Sasa namna ya kumpa. Mkalishe au mwegemeze kifuani kichwa kikiwa juu. Kwa wa chini ya miaka 2, mpe kijiko kimoja cha chai, ambacho ni ml 5, kila baada ya dakika 1 au 2. Ukitumia bomba la sindano, lielekeze upande wa ndani wa shavu na usukume taratibu. Ukilielekeza kooni atapaliwa. Mkubwa anywe mwenyewe kwa kikombe, funda dogo dogo, akipumzika katikati.

Kijiko kimoja kinaonekana si chochote. Piga hesabu: kijiko kila dakika 2 ni ml 150 kwa saa, na kila dakika moja ni ml 300. Tumbo lililochafuka hulipokea hilo, wakati kikombe kizima kikinywewa kwa mkupuo kinarudi chote sakafuni.

Kazi hii inachosha, na sioni haja ya kuificha. Pangeni zamu. Baba ashike saa moja, bibi au dada anayelea mtoto ashike nyingine. Kwenye ile karatasi andikeni saa ya kila choo, kiasi alichokunywa, alipokojoa na alipotapika. Anayepokea zamu atajua pa kuanzia, na mkilazimika kwenda zahanati nesi atapata picha nzima kwa kuisoma tu.

Usiku pia mpe. Akiamka kwa kuharisha, mnyweshe kabla hajalala tena. Lakini usimmiminie kinywaji mtoto aliyelala, na kama haamki vizuri, rudi kwenye orodha ya hatari hapo juu.

Kati ya ORS na ORS, anyonye kila anapotaka. Mtoto aliyeanza kula anaweza pia kupewa maji salama, supu au maji ya mchele. Madafu anaweza kuonja, lakini yana chumvi ndogo mno kushika nafasi ya ORS.

Unaendelea vizuri kama anakojoa mara kwa mara, mkojo unazidi kung'aa, mdomo una mate, anaanza kucheza hata kwa dakika chache. Usipime mafanikio kwa idadi ya vyoo. Endelea mpaka kuhara kukome.

Kope zake zikianza kuvimba, amepata ORS nyingi. Isimamishe, mpe maji ya kawaida au maziwa ya mama mpaka uvimbe upungue.

## Hatua ya 5: Akitapika

Subiri dakika 10. Anza tena, safari hii polepole zaidi: kijiko kila dakika 2 au 3.

Kutapika si dalili kwamba dawa imemkataa. Sehemu ya alichomeza huwa tayari imeshapita, kwa hiyo hata anayetapika mara mbili tatu bado ananufaika. Hatari ni akitapika kila unachompa, kijiko kwa kijiko, bila kubakiza kitu. Huyo apelekwe, kwa kuwa anaweza kuhitaji kunyweshwa kwa mpira wa puani au kutundikiwa dripu.

## Hatua ya 6: Zinki, na uimalize

Anza siku ile ile unayoanza ORS.

- Chini ya miezi 6: nusu kidonge, yaani miligramu 10, mara moja kwa siku.
- Miezi 6 na kuendelea: kidonge kizima cha miligramu 20, mara moja kwa siku.

Weka kidonge kwenye kijiko, tia maji salama kidogo, maziwa ya mama uliyokamua au ORS. Kitayeyuka chenyewe muda si mrefu. Mpe chote. Akikitapika ndani ya nusu saa, mpe kingine. Mkubwa anaweza kutafuna.

Dozi ni siku 10 hadi 14, kama mhudumu alivyokuelekeza. Wazazi wengi huacha siku ya 3 au ya 4, choo kikishashikamana. Zinki hufupisha kuhara na kupunguza ukali wake, lakini ina faida nyingine isiyoonekana kwa macho: inasaidia kumkinga asiharishe tena katika miezi 2 hadi 3 inayofuata. Faida hiyo anaipata anayemaliza dozi. Weka alama kwenye kalenda kila siku na umpe saa ile ile, kwa mfano baada ya uji wa asubuhi.

## Hatua ya 7: Asifunge kula

Bado kuna wanaoamini tumbo "lipumzishwe". Hapana. Utumbo unahitaji chakula ili ujijenge upya, na mtoto asiyekula anaingia kwenye utapiamlo unaomfanya aharishe tena.

Mpe kidogo mara 6 kwa siku: uji mzito wenye maziwa au karanga zilizosagwa, mtori, wali laini na maharage yaliyopondwa, viazi, samaki asiye na miba, yai, ndizi mbivu. Tia mafuta kijiko kimoja. Akishapona, mwongezee mlo mmoja kila siku kwa wiki 2 ili arudishe uzito.

## Vitu vya kukataa

Soda, juisi za pakiti na chai yenye sukari nyingi huongeza kuhara. Glukosi ya unga inayouzwa madukani si ORS. Haina chumvi anazozipoteza mtoto.

Flagyl na antibiotiki nyingine si za kila kuhara. Kuhara kwingi kwa watoto wadogo kunatokana na virusi, ambavyo dawa hizo haziviui. Kuhara damu na kipindupindu ni mambo ya kupimwa na kuandikiwa dawa. Dawa za kufunga choo kama loperamide mtoto asipewe kabisa, maana zinaweza kuusimamisha utumbo.

Kuhusu "meno ya plastiki", yaani imani kwamba kinachovimba kwenye fizi ndicho kinachomharisha mtoto, nasema kwa uzito wote: usimpeleke mtoto kukatwa fizi. Kinachong'olewa pale ni chipukizi la jino lake mwenyewe, na kidonda hicho kinaweza kumletea maambukizi na kumtoa damu nyingi wakati tayari amedhoofika. Vivyo hivyo utosi uliobonyea: kupaka dawa juu yake hakuupandishi. Umebonyea kwa sababu maji yamekwisha mwilini, na hupanda maji yakirudi.

## Ukikosa ORS kabisa

Usiku wa manane, maduka yamefungwa: chukua lita 1 ya maji salama, vijiko 6 vya chai vya sukari na nusu kijiko cha chai cha chumvi. Vijiko viwe vya kusawazishwa kwa kisu, visiwe vya kichuguu. Koroga, onja, isizidi chumvi ya machozi. Mchanganyiko huu hauna potasiamu na ni rahisi kuukosea, kwa hiyo ni wa kuvusha usiku tu. Asubuhi tafuta pakiti.

## Hatua ya 8: Siku zinazofuata

Mtoto akiwa bado anaharisha, rudia ukaguzi wa Hatua ya 1 asubuhi, mchana na usiku. Hali hubadilika ndani ya saa chache. Kama hajapata nafuu baada ya siku 5, mrudishe kituoni, na kuhara kukifika siku 14 ni ugonjwa wa aina nyingine unaohitaji uchunguzi.

Choo chake kitupwe chooni, pamoja na kile cha kwenye nepi, na kila anayemhudumia anawe kwa sabuni kabla ya kushika chakula.

Mwisho, toa kadi ya kliniki uangalie mstari wa chanjo ya rota. Virusi vya rota ni kati ya visababishi vikuu vya kuhara kukali kwa watoto wachanga. Tanzania ilianza kutoa chanjo hiyo mwaka 2013 na Kenya mwaka 2014, na dozi ya kwanza hutolewa mtoto akiwa na wiki 6. Kama kuna dozi aliyoikosa, muulize nesi wiki hii hii, kwa sababu ni chanjo ya watoto wadogo na umri ukipita haitolewi tena.